Neti ya Ndevu Katika Choo cha Wanawake

"Vua nguo tuone."

Aliyesema hivyo ni mama wa watoto wanne, mtu wa kuomba radhi hata akipiga chafya.

Alikuwa anamwambia mwanamke mwenzake. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa choo cha mwisho kule kazini, na nyuma yake wanawake wote wa zamu ya asubuhi wamekunja mikono, wanasubiri.

Waliamini yule dada aliyekuwa chooni ni mwanaume anayejifanya mwanamke, ili apate kuingia chumba chetu cha kubadilishia nguo.

Jamani... walikuwa wamekosea mtu.

Mtu waliyekuwa wanamtafuta ni mimi. Nilikuwa palepale katikati yao, nimeshika taulo niliyopewa ili nimfunike yule dada nikishamaliza kumkagua.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mimi ndiye niliyechaguliwa kumkagua.

Tulia nikupe yote, maana hii stori ukiisikia kwa watu wa kiwandani utasimuliwa nyingine kabisa.

Nilipozaliwa, mkunga alimwambia mama yangu amepata mtoto wa kiume. Simlaumu, alisema alichokiona. Mimi ni mwanamke. Nimejijua hivyo tangu sijaanza shule, na ndivyo ninavyoishi sasa. Kama unataka kubishana na hilo, sehemu ya maoni iko huko chini, bishaneni taratibu, mimi naendelea.

Mimi ni mfupi. Sauti yangu ni nyembamba, mikono yangu midogo. Ukinipita njiani hutageuka mara mbili. Hiyo ndiyo bahati yangu, na ndiyo iliyoniponza.

Watu wengi huingia choo cha umma bila kuwaza chochote. Mimi nikienda mjini, choo ndicho kitu cha kwanza ninachokiwaza. Kwenye kazi yangu ya zamani mtu alinitilia shaka, akamwita mlinzi. Mlinzi akanitoa chooni kwa kunivuta nguo mpaka barabarani, na watu wakatoa simu wakarekodi. Tangu siku ile nilikuwa sinywi maji nikitoka nyumbani. Nilikuwa nashinda na kiu ilimradi nisijisikie haja.

Kisha nikapata kazi kwenye kiwanda cha biskuti.

Kiwandani kwetu kuna chumba cha wanawake chenye makabati ya chuma, mabenchi, na vyoo vilivyopangana mstari mmoja, kila kimoja kina mlango na komeo. Nilipewa kabati langu na ufunguo wangu. Nilikuwa nawahi kufika kabla ya wenzangu, na ndani ya gauni nimeshavaa taiti na fulana. Nikifika ni kuvua gauni tu na kuvaa ovaroli, nimemaliza. Wenzangu waliona najisitiri kwa heshima sana, wakaniita Sista. Kuna waliovumisha kwamba niliwahi kuishi na masista. Sikukanusha, wala sikukubali.

Polepole nikaanza kunywa maji tena. Nikaanza kucheka. Nilikuwa na kazi, na nilikuwa na mahali pa kwenda haja bila kuogopa. Kwa wengine hicho ni kitu kidogo, lakini mimi sikuwahi kuwa nacho, na niliapa sitakipoteza.

Sasa elewa jambo moja kuhusu kazi yetu. Unywele mmoja ukionekana kwenye biskuti, mashine zote zinasimama na unga uliokandwa unamwagwa. Kwa hiyo nywele kwetu ni adui. Kila mtu anavaa neti ya kichwani na barakoa. Na mwenye ndevu, hata zikiwa mbili, lazima avae neti ya ndevu. Ni kitu kidogo cheupe cha kuvalisha kidevu, chenye mpira wa kupachika masikioni. Wanaume wanavaa upande wao na wanatupa upande wao.

Aliyesimamia hayo yote ni Madam Usafi. Ndiyo jina tulilompa. Anakagua kucha, anakagua masikio, anashika funguo za stoo ya neti. Yeye mwenyewe hana mzaha na sheria. Sikuwahi kumwona bila barakoa. Hata chai alikuwa anakunywa amegeukia dirishani, anashusha barakoa kidogo, anapiga funda, anairudisha. Tulikuwa tunacheka chinichini kwamba huyu atazikwa nayo.

Kwenye meza ya kupanga pakiti nafanya kazi na dada mmoja tunayemwita Redio. Sihitaji kueleza kwa nini. Ukimpa siri saa ya kuingia, saa ya chai utaisikia kwa mpishi.

Na kisha akaja Mlingoti.

Huyo dada ni mrefu, acha kabisa. Mabega mapana, sauti nzito, anabeba maboksi mawili kwa mkupuo pale tunapobeba moja kwa kulalamika. Hana maneno mengi. Akifika anasalimia, anachukua ovaroli yake, anaingia choo cha mwisho, anafunga komeo, anatoka ameshavaa. Kila siku. Hakuna aliyewahi kuona hata bega lake.

Redio hakupenda. Mtu asiyeonekana bega alikuwa anamnyima usingizi.

Siku kiliponuka, tulikuwa tunajiandaa kuingia zamu. Redio alitoka choo cha mwisho ameshika kitu kwa vidole viwili, amekinyoosha mbali na mwili wake.

"Hii inatafuta nini humu?"

Neti ya ndevu. Ameikuta kwenye pipa la taka, imevaliwa, mpira wake umeshalegea.

Kungekuwa mahali pengine, mtu angesema ni takataka tu, itupe. Lakini sisi tumefundishwa sheria hiyo mpaka imeingia kwenye damu. Neti ya ndevu maana yake ndevu, na kwetu ndevu maana yake mwanaume. Hakuna aliyefikiria kitu kingine chochote.

"Humu ndani kuna mwanaume," alisema Redio. "Anavua na sisi, anavaa na sisi."

Nikakaa kwenye benchi nikajifanya nafunga mabuti.

Neti haikuwa yangu. Mimi najinyoa kila alfajiri kwa uangalifu, napaka poda, kidevu changu hakina kitu cha kuvalishwa neti. Lakini nani angeniuliza habari ya neti? Wakishaanza kumtafuta mwanaume, hawatajali neti ni ya nani. Watafika kwangu tu.

Kuanzia hapo chumba kikabadilika. Watu wakawa wanavaa wamejifunga khanga mpaka kwenye kidevu. Ukiingia chooni, unaona kivuli chini ya mlango, mtu anaangalia miguu yako imeelekea wapi. Kuna mmoja alisema mwanaume hujulikana kwa mlio akikojoa, basi ikawa ukienda haja nje kunanyamaza kimya wanasikiliza. Nilijifunza kufungua bomba kwanza.

Na mimi pia, nisiwafiche, niliingia kwenye mkumbo. Nilikuwa najiuliza hiyo neti ni ya nani. Je, kuna mwingine kama mimi humu? Nikawa naangalia videvu vya wenzangu, shingo zao, mikono yao. Nilikuwa nawaangalia kwa macho yale yale yaliyowahi kunitoa chooni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Redio alikuwa anasema kila tukikaa kwenye chai, huku anamtazama Mlingoti.

Wote walikuwa wanamtazama Mlingoti. Mabuti yake walisema ni saizi ya mwanaume. Sauti yake walisema ni ya mlevi. Wakaanza kumwita kaka. Akipita wanasema "mpisheni shemeji". Kuna aliyemwagia unga mbele ya mlango wa choo chake, eti aone nyayo. Mlingoti alikuwa anaruka ule unga, anaingia, anafunga komeo.

Hakuwahi kuwajibu. Na mimi kila walipomsema nilikuwa najisikia vibaya, halafu chini ya kule kujisikia vibaya kulikuwa na afueni, kwamba walau si mimi. Nilijichukia kwa hilo.

Sasa turudi pale tulipoanzia.

Siku moja zamu ilipoisha, Madam Usafi, ndiye yule mama wa watoto wanne, alitukusanya. Akasema hatapeleka aibu hii kwa meneja, wanawake tutaimaliza wenyewe. Akamwita Mlingoti kwenye choo cha mwisho, akamwambia avue.

Mlingoti akakataa.

"Mficha uchi hazai, mama," Madam alimwambia. "Kama huna kitu, unaogopa nini?"

"Siogopi. Sivui."

Minong'ono ikaanza. Madam akaona mambo yanaharibika, akapunguza sauti. Akasema basi, avue mbele ya mtu mmoja tu, mtu anayeheshimika, mtu asiye na umbea. Akazungusha macho kwa watu wote. Mimi nikainamisha kichwa kuangalia sakafu, na nadhani huko kuinama ndiko kulikoniponza.

"Sista. Njoo wewe."

Ningekataa wangeniuliza kwa nini. Nikapokea taulo. Nikasukumwa ndani, mlango ukafungwa nyuma yangu.

Choo chenyewe ni kidogo, mkiwa wawili magoti yanagusana. Mlingoti alikuwa amekaa juu ya kifuniko, mikono juu ya mapaja. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. Nikageuka nikatazama ukuta.

"Sikuangalii," nikamwambia kwa kunong'ona.

"Si umetumwa?"

"Nitawaambia nimeona."

Kisha akasema jambo lililonifanya nishike ukuta.

"Mdogo wangu, mbona wewe hujawahi kuvua hiyo fulana?"

Nje nilisikia mtu anakohoa. Mlango ni bati jembamba, na Redio nina hakika alikuwa ameubandika sikio.

"Unajua nini?" nikamuuliza.

"Sijui kitu. Siku yangu ya kwanza nilifika mapema, nikakuta umegeukia ukuta kama ulivyogeuka sasa hivi. Basi. Sikuuliza, na leo siulizi."

"Umemwambia nani?"

"Madam aliniita asubuhi. Akaniambia nimtaje ninayemshuku, aniachie. Nikamwambia simshuku mtu."

Nilitaka kulia. Nikajikaza nikamuuliza na yeye anaficha nini, kama ni kovu au ni ugonjwa, nimsaidie kuwaeleza wale wa nje wamwache.

"Kwani kufunga mlango mpaka niwe na sababu?" akasema. "Wameweka komeo, nafunga."

Nikatoka. Macho yote yakanikazia.

"Ni mwanamke," nikasema. "Nimeona."

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nilidhani watainama kwa aibu, watamwomba radhi dada wa watu, tutaenda nyumbani. Baadhi yao hata walionekana wamevunjika moyo.

Lakini Redio akauliza swali ambalo lilikuwa lazima liulizwe.

"Sasa kama si yeye, ni nani kati yetu?"

Wakaanza kutazamana. Nakuambia, watu waliofanya kazi pamoja tangu ujana wao walikuwa wanatazamana kwenye koo.

Madam Usafi akasema kesho asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuvaa ovaroli, watakaguliwa wote, mmoja mmoja. Atakagua yeye mwenyewe. Hapo sasa manung'uniko yakaanza kwa wale wale waliokuwa wanapiga makelele. Mmoja akasema ana kovu la upasuaji, hataki kuangaliwa. Mwingine akasema yeye ni mke wa mtu. Mkuki kwa nguruwe.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Madam kabisa. Chumba kilikuwa na joto, anahema, anafoka, jasho linamtoka. Akavuta barakoa ajifute.

Nikaona kidevu chake.

Poda nyingi, imeganda. Chini ya poda vipele vidogo vyekundu, na mkato mmoja mpya wa wembe.

Kidevu kile nakijua. Nakiona kwenye kioo changu kila asubuhi.

Yote yakanijia kwa mara moja. Barakoa isiyovuliwa. Chai ya kugeukia dirishani. Funguo za stoo ziko kwake, hivyo anachukua neti bila kuulizwa. Yule mama ana ndevu, na sheria inasema mwenye ndevu avae neti, basi yeye alikuwa anaivaa chini ya barakoa, kwa siri, kwa sababu hawezi kuvunja sheria yake mwenyewe hata asipoonekana. Akimaliza anaitupa kwenye pipa la wanawake. Angeitupa wapi? Yeye ni mwanamke. Wanawake wengi huota ndevu, hasa umri ukisogea, ila hawasemi.

Na ukaguzi wa kesho? Mkaguzi hakaguliwi na mtu. Alikuwa amejiweka mahali pazuri.

Sasa sikiliza hapa. Redio alikuwa amesimama kushoto kwangu. Nilikuwa na neno moja tu la kumwekea sikioni, "angalia kidevu cha Madam", na kabla jua halijazama kiwanda kizima kingejua. Wangepata mtu wao. Ukaguzi ungeishia kwake na mimi ningebaki na kabati langu, na choo changu, na jina langu la Sista.

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua.

Kisha mlango wa choo cha mwisho ukafunguka, Mlingoti akatoka, akapita katikati yao bila kumtazama mtu, akachukua mfuko wake akaondoka. Nikafunga mdomo.

Watu walipotawanyika nilimfuata Madam mpaka stoo. Alikuwa anapanga maboksi ya neti.

"Madam, nakuomba ukaguzi wa kesho usiwepo."

"Kwa nini, unaogopa?"

"Naogopa. Na neti ni yako."

Mikono yake ikasimama. Akaenda akafunga mlango wa stoo, akarudi akasimama mbele yangu.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Hiyo poda naijua, Madam. Na mimi napaka."

Nilishasema. Neno likitoka halirudi. Akanitazama kidevu, akashuka kwenye koo, akashuka kwenye mikono, kama alivyomtazama Mlingoti.

"Kumbe ni wewe," akasema taratibu.

"Ni mimi."

"Ukinitaja mimi, hakuna atakayekuamini. Nikikutaja wewe, hutafika hata getini salama."

"Najua."

"Sasa kwa nini umenijia?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba kesho ataniita tena nishike taulo, na mimi sitaki kuingia na mtu mwingine kwenye kile choo. Nikamwambia huko nje wanamwogopa mwanaume, lakini watu waliolia mle chumbani wiki zote hizo walilizwa na sisi.

Akafungua mlango akaniambia niende nyumbani.

Hakuniahidi kitu. Nilitembea mpaka nyumbani nikiangalia nyuma.

Asubuhi nilitaka nisiende. Mwishowe nikaenda, na kwa mara ya kwanza nilichelewa. Nilipofika nje ya chumba chetu, nikasita. Mlinzi wa geti alikuwa amesimama pale mlangoni.

Mlinzi, choo, na mimi. Nilishaiona hii sinema.

"Ingia, wanakusubiri," akaniambia.

Ndani walikuwa wamejaa wote, bado na nguo za nyumbani. Madam Usafi amesimama juu ya benchi. Aliponiona naingia akamwambia mlinzi afunge mlango, asiruhusu mwanaume yeyote kusogea. Nikajua nimekwisha.

Kisha Madam akavua barakoa.

Hakuwa amenyoa asubuhi ile. Kidevu kilikuwa kimeota ndevu, cheusi kabisa, na wala hakuwa amepaka chochote.

"Neti mliyoiokota ni yangu," akasema. "Zilianza baada ya mtoto wa mwisho. Nanyoa, zinarudi. Sheria inasema mwenye ndevu avae neti, nikavaa. Niliogopa mtajua, nikawaacha mumtese mwenzenu ili msinitazame mimi. Naomba radhi."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza peke yake.

Akaongeza kwamba jana kuna mtu alikuwa na uwezo wa kummaliza na hakummaliza, ndiyo maana ameona aseme. Hakumtaja. Lakini mliosoma mpaka hapa mnajua watu walivyo. Walianza kugeuza vichwa kumtafuta huyo mtu ni nani.

Ungedhani wangemwonea huruma. Mama wa watoto wanne, kasimama mbele yao na aibu yake mkononi.

"Kwa hiyo Madam ni mwanaume?" sauti ikatoka nyuma.

"Wale watoto ni wa nani?"

"Tumkague," akasema Redio. "Sheria si yake mwenyewe?"

Wakasogea. Watu waliokuwa wanatetemeka akikagua kucha zao, sasa walikuwa wanamshika mkono wamshushe kwenye benchi. Mmoja alikuwa ameshamvuta kola.

"Kama si wewe, basi ni nani?" Redio akamuuliza. "Maana mwanaume yumo humu. Mtaje."

Madam akanitazama.

Mimi. Moja kwa moja.

Alikuwa na jibu, jibu la kweli, lingemtoa pale palepale. Na mlinzi yuko nje ya mlango. Nilihesabu hatua za kufika dirishani nikaona hazitoshi.

Madam akashusha macho.

"Hakuna," akasema. "Ni mimi na ndevu zangu."

Wakaanza kumvuta kuelekea choo cha mwisho. Na mbele ya choo cha mwisho wakamkuta amesimama Mlingoti. Sikumwona alivyofika pale. Alikuwa ameegemea mlango.

"Hakaguliwi mtu," akasema.

Redio akamwambia yeye ameshasafishwa, akae pembeni, hayamhusu tena.

"Nani kanisafisha?"

"Sista alikukagua. Alisema wewe ni mwanamke."

"Sista hakuniangalia. Alitazama ukuta mpaka akatoka."

Chumba kizima kikanigeukia. Lakini Mlingoti alikuwa hajamaliza.

"Asubuhi hii mmeingia na mimi humu. Wewe umeniomba kitana, nikakupa. Wewe nimekufunga zipu ya gauni. Hamjui mimi ni nani, mlipewa neno tu mkaridhika. Sasa semeni. Nani kati yenu ameumia?"

Yule wa kitana alikuwa bado amekishika.

Mlingoti akafungua mlango wa choo, akamwondoa Madam mikononi mwao, akamwingiza ndani, akamwambia afunge, anawe uso. Tukasikia komeo. Kisha akasimama mbele ya ule mlango.

Nikaenda nikasimama pembeni yake. Mabuti yangu bado nimeyashika mkononi. Mama mmoja mzee wa kitengo cha oveni naye akaja, akisema miguu inamuuma na anataka kuvaa akafanye kazi. Kisha kengele ya zamu ikalia, na unga ukishakandwa haumsubiri mtu. Wakavaa. Wakaenda.

Hiyo ndiyo stori. Madam bado ni msimamizi, anavaa neti yake hadharani, na wanaomcheka wanacheka mbali naye. Mimi na Mlingoti siku hizi tunakaa pamoja wakati wa chai, meza ileile ya Redio.

Najua mnataka kuniuliza, kwani Mlingoti ni nani hasa? Sijui. Sijamuuliza, na nimegundua sihitaji kujua.

Sasa nieleze kwa nini naandika leo.

Wiki hii kaajiriwa binti mgeni. Ana nywele kidogo mashavuni, na akibadilisha nguo anageukia kabati. Jana wakati wa chai nikasikia mtu anasema, "Yule mgeni mmemwangalia vizuri?"

Imeanza upya. Na hili ndilo nililojifunza, lichukueni kama lilivyo: mkianza kumsaka mtu mmoja chooni hamwishii kwake. Mnamvua wa kwanza, mnamvua wa pili, mpaka anabaki aliyeanza, naye mnamvua.

Mlingoti akisoma hapa atanikasirikia. Atasema sikulazimika kujitaja. Ni kweli, sikulazimika, na hakuna mtu anayepaswa kulazimishwa. Lakini yule binti hajui hata kwa nini watu wamenyamaza akiingia.

Redio, mpenzi wangu, najua unafuatilia ukurasa huu. Wewe ndiye unayetusomea simulizi zake kila siku kwenye chai, kwa sauti, na vitendo juu. Kesho utaifungua hii. Utaanza kwa mbwembwe, halafu ukifika kwenye neti utapunguza sauti.

Usiache katikati. Soma mpaka hapa mwisho, wote wasikie, yule binti asikie.

Mimi nitakuwa nimekaa kushoto kwako, kama siku zote.